Kuku wa Mguu Wangu

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali, mguu umeinuliwa juu ya mto na madoa yote ya dari umeshayakariri, basi nimekuandikia wewe. Wazima nao wasome, ila wasiharakishe kunicheka. Nilianguka na baiskeli mlimani, nikavunjika muundi wa kulia, mifupa yote miwili, nikalala tangu masika hadi vuli. Sasa natembea. Nachechemea kidogo, na baridi ya Juni ikishuka kutoka Uluguru mfupa wangu huisikia kabla majirani hawajatoa masweta. Lakini natembea.

Jambo la pili la kujua kunihusu ni kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Ajali haikunifanya hivyo. Nimetoka hivyo kwetu Singida, katika nyumba ambayo mama alikuwa akihamisha ufunguo kila siku asiibiwe, kisha yeye mwenyewe asijue ameuweka wapi. Ukiniamkia nafikiria kwanza unataka nini. Mke wangu, Tatu, husema siku nikifika peponi nitauliza mlango wa nyuma uko wapi. Nakuonya mapema, kwa sababu nusu ya ugonjwa wangu niliuguza kichwani, na huko hakuna aliyenipaka dawa.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi katika kiwanda kimoja mjini Morogoro. Ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa vitu ambavyo hatukuwa tumeviona tangu tukiwa vijana, na viwanda vikaanza kupunguza watu, nami nikawa mmoja wa waliopunguzwa. Tukafunga mizigo tukahamia kwa kina Tatu, juu kidogo ya Mlali, pale milima inapoanza. Huko ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume akioa hulima shamba la ukoo wa mkewe, atakula na kushiba, lakini shamba si lake, na hata watoto huhesabiwa upande ule. Msemaji wa ukoo alikuwa mjomba wa Tatu, Mjomba Salumu, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, ambaye alikuwa na desturi ya kukohoa kabla ya kusema jambo lisilopendeza.

Mwaka mmoja kabla ya ajali nilipanda michungwa pembeni mwa shamba bila kumwuliza. Mahindi hakuna anayekusumbua nayo, yanavunwa yanaisha. Mchungwa ni habari nyingine, maana anayepanda mti ameonyesha kwamba ana nia ya kubaki. Mjomba alipita akaitazama, akakohoa.

"Mkwe, naona umepanda miti."

"Ndiyo, Mjomba."

"Haya."

Akaenda zake. Hiyo "haya" niliilalia na kuiamkia kwa muda mrefu kuliko nilivyolalia hotuba zote za kiwandani.

Kwa kiinua mgongo changu nilinunua baiskeli ya gia, mtumba kutoka Ulaya, yenye matairi mapana ya meno, iliyotengenezwa maalumu kwa milima. Niliambiwa kwao watu huiparamisha milimani kwa kujifurahisha tu, jambo ambalo nalo sikuliamini. Mimi niliisukuma kupanda hadi mashamba ya upande wa Mgeta, nikafunga matenga ya kabichi na njegere, kisha nikashuka nayo hadi Mlali kwenye malori ya kwenda mjini. Kupanda kulinitoa jasho. Kushuka kulinitoa roho, ila nilifurahia, na sitakuficha kwamba nilijiona kijana tena.

Siku ya ajali mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa na utelezi. Jana yake Mjomba Salumu alikuwa ameiazima baiskeli kwenda Mzinga kumtazama mgonjwa. Likumbuke hilo, kwa maana mimi nililikumbuka kabla sijafika chini. Nilipoikaribia kona iliyo juu ya kijito nilibana breki, na mkono wa breki ukaja wote hadi kwenye usukani, mlegevu kabisa, hakuna kilichoshika. Ninachokumbuka baada ya hapo ni kabichi zikinipita, zikibingirika kwa utulivu kama zinajua njia. Nilipotazama mguu wangu, wayo ulikuwa umegeukia upande ambao wayo haugeukii.

Wanawake waliokuwa wakitoka shamba ndio walionikuta. Walifungua khanga zao za juu, wakazifunga kwenye miti miwili, wakanibeba. Sikuwafahamu na wala hawakuuliza mimi ni wa nani. Yule wa mbele alikuwa akiniimbia kwa Kiluguru, sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto anyamaze. Hiyo ndiyo huruma ya kwanza niliyoipata, na laiti ningeipokea vizuri. Mimi nilikuwa najiuliza kwa nini Mjomba aliirudisha baiskeli mapema vile.

Hospitali ya mjini tulikaa kwenye benchi la ukutani tangu asubuhi. Ukitaka kujua mtu amekaa muda gani kwenye benchi lile, tazama alivyoacha kusogea kuwapisha wanaokuja. Siku hizo ndiyo kwanza walikuwa wameanza kutuambia tuchangie huduma, kwa hiyo Tatu alitumwa duka la dawa kununua plasta, akarudi nayo imefungwa kwenye gazeti, akarudishwa tena kwa sababu ya bandeji. Nilipofungwa ile plasta ngumu, hogo, hadi juu ya goti, nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo yameanza.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya uchovu. Kila asubuhi alivibonyeza vidole vyangu vya mguu, akatazama rangi yake, akaguna. Hakuna kitu kibaya kwa mgonjwa kama mtu anayekugunia bila kufafanua. Siku moja alisema mfupa umekaa vibaya, pengine nitahitaji kuwekewa chuma Dar es Salaam, na kama damu haifiki vizuri huku chini, "tutafikiria njia nyingine." Kitanda cha jirani alilala mzee ambaye njia nyingine ilishafikiriwa kwake. Blanketi lilikuwa limelala bapa mahali ambapo mguu ungeliinua. Nikasikia pia kwamba daktari yule jioni huonekana kwenye zahanati moja ya watu binafsi, zile zilizokuwa zinachipuka kila uchochoro, nikaanza kujiuliza anayenitibu ni yupi, wa asubuhi au wa jioni.

Mjomba Salumu alikuja kunitazama na fungu la ndizi. Akakaa, akakohoa.

"Mkwe, kwetu kuna fundi wa mifupa. Hana msumeno."

Nilimtazama usoni muda mrefu. Nilikuwa kati ya watu wawili nisiowaamini, nikamchagua asiye na msumeno. Daktari hakugomba. Alisema kitu kimoja tu, akakirudia kwa Tatu ili mmoja wetu akishike: "Usiukanyage mguu mpaka nione picha nyingine. Chochote watakachokufanyia huko, hilo nakuomba." Nikamwona naye ana lake, anataka nirudi.

Fundi wa mifupa aliitwa Mloka. Alikuwa wa rika langu, ana redio ndogo begani yenye kelele za mpira, na viganja vya moto. Alilikata lile hogo, akaushika mguu wangu huku macho ameyafumba, akaninyoosha nikapiga ukelele uliowaleta majirani. Kisha akataka kuku.

Kama hujawahi kuliona jambo hili nitakueleza nilivyoliona. Tatu alileta tetea mwekundu. Fundi Mloka alimshika mguu wa kulia, muundi kama wangu, akauvunja. Ulilia kidogo tu, kama njiti ya kiberiti. Akampaka kuku majani yaleyale aliyonipaka mimi, akamfunga vibanzi vya mwanzi kama vyangu, vidogo, kwa kamba ya mgomba kama yangu. Akamweka kwenye tenga karibu na mlango wa chumba changu, tukawa tunatazamana.

"Sasa nyie ni ndugu," alisema. "Akisimama, na wewe uko njiani. Siku akitembea bila kuchechemea niiteni, nakuja kukufungua, unasimama siku hiyohiyo."

"Na akifa?" Tatu aliuliza.

Fundi alikuwa anafunga mfuko wake. "Kuku akifa msiniite. Nitakuja kufanya nini?"

Alisema kwa wepesi kabisa, huku anatafuta stesheni. Niliona Tatu akishika nguzo ya mlango.

Mimi, nakuapia, sikuamini. Lakini mtu aliyelala haachi kutazama kitu kilichowekwa mbele yake, na mimi ni mtu wa Singida. Sisi kuku tunawajua kwa sura. Yule tetea alikuwa mtu mzima, aliyekwisha kulea vifaranga, upanga wake wa kichwani umelalia kushoto, na alikuwa na tabia ya kufumba jicho moja kabla ya kunywa maji. Nikampa jina la Mwenzangu. Asubuhi nikiamka namtazama kwanza yeye, ndipo nautazama mguu wangu.

Siku za kulala zinafanana, ila mwili unabadilika bila kukuuliza. Paja la kulia likanywea hadi nikawa nalizungusha vidole. Kisigino kikatoka kidonda. Chini ya vibanzi kuliwasha hadi nikafundishwa na Asha, binti yetu, kujikuna mguu wa kushoto mahali palepale, na usicheke, inasaidia. Tatu alinitawadha, alinigeuza, aliniletea chombo na kukitoa. Mwanzoni tulizoea kugombana. Alininunia kwa sababu nilikataa bega lake nikitaka kukaa. Nilitaka nipewe fimbo. Bega la mtu linaweza kuondoka wakati wowote, nilimwambia. Alinijibu kwamba na fimbo nayo imetoka kwenye mti wa ukoo wake, je, nairudisha?

Mama mkwe hakuingia chumbani kwangu, maana kwa heshima mama mkwe haingii alipolala mkwewe. Lakini kila asubuhi aliketi nje, nyuma ya ukuta wangu, akazungumza na mbuzi wake kwa sauti ya kunifikia mimi. "Mbuzi wewe, kunywa uji wako kabla haujapoa. Mbuzi wewe, huko shambani njegere zimetoa maua." Uji ulikuwa unaletwa na Asha. Hivyo nilipata habari zote za nje kwa kupitia mbuzi, na siku asipokuja nilikuwa mpweke kweli.

Baridi ilipoanza, Tatu alibadilika. Asubuhi moja niliamka nikakuta tenga la Mwenzangu halipo.

"Nimempeleka jikoni," Tatu alisema. "Kuna kicheche."

"Kicheche wa mchana?"

"Wapo."

Hakunitazama. Tangu siku hiyo aliacha kugombana nami. Nikisema jua linatoka magharibi, anasema ndiyo Baba Asha. Akaanza kunipikia vitu vya sikukuu, samaki wa nazi, wali, chapati siku ya kazi. Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Mimi nilikula, lakini kila tonge nililiuliza limekujia nini. Mke aliyekununia jana haanzi kukukubalia kila kitu bila sababu.

Kisha akaniuliza, akiwa amenipa mgongo, anakunja nguo: "Hivi nduguzo wa Singida mtu akiwataka haraka, anawapataje?"

"Unawatakia nini?"

"Nauliza tu."

Nikajua ninarudishwa. Kwao mkwe mlemavu wa nini? Nikaunganisha yote. Mjomba aliazima baiskeli. Mjomba alinitoa hospitali. Mjomba hapendi michungwa yangu. Siku mbili tatu baadaye, kupitia dirishani, nilimwona Tatu amesimama na Mjomba Salumu kwenye michungwa ileile. Tatu alikuwa anaonyesha ardhi kwa mkono, hapa, hadi hapa. Mjomba aliinamisha kichwa, akakohoa, akatikisa kichwa kukubali. Tatu akafuta uso kwa khanga. Nilijilaza nikageukia ukutani. Nisikufiche, nililia, na haukuwa mguu uliokuwa ukiniuma. Nilikuwa tayari kuupoteza mguu, lakini Tatu sikuwa tayari.

Siku niliyokuwa nimeingojea ilikuja ukungu ulipokuwa unapanda mlimani. Nilisikia mama mkwe nje akipiga vigelegele, kisha akamwambia mbuzi, "Mbuzi wewe! Kuku katembea! Katembea hata hachechemei!" Kuku alikuwa amejichomoa kwenye vibanzi, yuko uani anaparura takataka kama hajawahi kuumwa. Watu wakakusanyika. Fundi Mloka akafuatwa. Mjomba Salumu akaja na kanzu safi. Tatu peke yake hakutoka jikoni hadi alipoitwa, akaja akasimama mlangoni, ncha ya khanga ameing'ata.

Fundi alimtazama kuku akikatiza ua mara mbili, akaridhika, akaja kunifungua. Mguu uliotoka mle sikuutambua. Ulikuwa mwembamba, umepauka, unanuka majani yaliyooza. Wakanikalisha ukingoni mwa kitanda.

"Simama, bwana," alisema Fundi.

"Nishike mimi, mkwe," alisema Mjomba Salumu, akainama anipe bega. "Leo ni siku yako."

Nikatazama lile bega. Nikatazama sakafu. Nikamtazama Tatu, ambaye alikuwa amekuwa na rangi ya jivu. Kisha kwa mlango uliokuwa wazi nikamwona kuku. Alikuwa anakunywa maji kwenye kifuu, macho yote mawili yako wazi.

"Nileteeni kuku," nikasema.

Wakacheka. Mtu akasema nataka kumshukuru ndugu yangu. Asha akamkamata, akaniwekea mapajani. Upanga wake ulikuwa umesimama wima na mdogo, upanga wa tetea ambaye hajataga hata mara moja. Hilo lilitosha kwa mtu wa Singida, lakini lisingetosha kwa wengine, kwa hiyo nilimshika mguu wa kulia nikaupapasa polepole kutoka juu hadi chini. Mfupa ukivunjika ukaunga unaacha fundo, kwa kuku na kwa mtu pia. Ule ulikuwa laini kama kalamu. Nikaupapasa wa kushoto. Ulikuwa laini vilevile.

"Huyu hajavunjika mguu tangu aanguliwe," nikasema. "Kwa hiyo naomba niambiwe. Ni nani anayetaka nisimame, mguu ukatike, nikose la kufanya hapa? Mjomba? Au mke wangu?"

Mjomba alinyooka. Hakukohoa. Alifungua mdomo, na nikaona kwamba hakuelewa ninachosema, kwamba mtu yule mrefu alikuwa amevaa kanzu yake safi kwa furaha tu. Fundi Mloka alizima redio. Alimchukua kuku kutoka mapajani mwangu, akafumba macho, akampapasa kama alivyonipapasa mimi siku ya kwanza.

"Mimi nilimtazama akitembea," alisema taratibu. "Sikumshika."

Hapo Tatu alikaa chini, palepale mlangoni, miguu ameinyoosha mbele kama mtu aliyepata msiba.

"Alikufa," alisema.

"Nani alikufa?"

"Kuku. Alikufa zamani. Nilimkuta asubuhi amekauka, bado ana vibanzi vyake. Ningekuambiaje, Baba Asha? Wewe hukumsikia alichosema Fundi? Nilishuka mnadani nikatafuta wa rangi yake. Nikamfunga mguu ingawa mzima, ili ukimsikia ujue yupo. Leo kajichomoa mwenyewe. Mama kapiga vigelegele kabla sijamshika. Nilikuwa nasema moyoni, akikanyaga tu nampigia kelele, lakini mdomo haufunguki."

Nje mama mkwe aliacha kuzungumza, hata na mbuzi wake.

"Na Singida?" nikauliza. "Ulitaka ndugu zangu wa nini?"

"Nijue pa kupeleka taarifa."

Nilimtazama mke wangu. Kipindi chote cha baridi, wakati mimi nikitafuta sumu kwenye wali wake, alikuwa ananipikia kama mtu anayepika kwa mara ya mwisho. Alinitawadha, alinigeuza, akiamini ninakufa, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Nilitaka kukasirika. Nilitaka kucheka. Nilichofanya ni kumwita aje karibu, na alipokuja nilimshika mkono, nikamwambia samaki wa nazi alikuwa mtamu.

Fundi Mloka alivifunga upya vibanzi vyangu kwa mikono myepesi, akavaa redio yake begani. "Mpelekeni kwa wenye picha," alisema, akaondoka bila kuiwasha.

Tukarudi kwenye lile benchi. Safari hii Mjomba Salumu alikaa na mimi, bega kwa bega, na watu walipokuja tulisogea. Picha ilipotoka daktari aliiinua dirishani, akatuonyesha kwa ncha ya kalamu mahali ambapo mfupa ulikuwa umeanza kushikana, wenye ukungu, bado laini. Ulikuwa umekaa vizuri kuliko alivyotarajia; aliuliza nani aliunyoosha, na nilipomwambia aliguna, safari hii kwa mshangao. Nikauliza, kwa kuwa nimejifunza kuuliza, kama ningeukanyaga siku ile ingekuwaje.

"Tungekuwa tunazungumzia njia nyingine," alisema.

Nikafungwa hogo jipya. Na kwa kuwa nilishaanza kuuliza, nilimwuliza pia habari za zahanati ya jioni. Alicheka sana. Dada yake alikuwa nesi pale, na yeye alikuwa akipita kula chakula cha jioni kwa kuwa hakuwa na mke wa kumpikia.

Hogo lilitolewa mvua za vuli zilipoanza. Nilipewa magongo, nikajifunza kutembea ukubwani. Ukifika hapo, wewe unayesoma, usiyatupe magongo kwa kuona aibu, na usikubali mtu yeyote akuharakishe, awe na msumeno, redio au kanzu safi. Kushuku sijaacha, na sikushauri uache. Bila kushuku ningekuwa na mguu mmoja. Ila ukishuku, uliza siku hiyohiyo, kwa sauti, umtazame mtu usoni. Mimi nilichelewa, na aliyelipia ni mwingine.

Baiskeli niliikagua nilipoweza kuchuchumaa. Waya wa breki ulikuwa umeliwa na kutu ndani ya ganda lake, mahali ambapo jicho halifiki, na pengine ulianza kuoza kabla haujapanda meli. Nilimpelekea Mjomba auone. Aliugeuza mkononi, akakohoa.

"Ulidhani ni mimi?"

"Nilidhani, Mjomba."

"Haya," alisema, na tukanywa chai.

Siku moja baada ya mvua nilimwomba Tatu anionyeshe alipomzika Mwenzangu. Ilikuwa safari yangu ndefu ya kwanza, kutoka nyumbani hadi ukingo wa shamba, nami nilipumzika njiani zaidi ya mara moja. Alisimama kwenye mchungwa wa mwisho, ule mkubwa kuliko yote. Chini yake kulikuwa na mawe machache yaliyopangwa vizuri mno kwa kuku.

"Kwa nini hapa?" nikauliza.

Alisogeza jiwe moja kwa dole gumba la mguu. "Siku ile unayosema ulituona na Mjomba, nilikuwa namwomba. Nilimwambia mume wangu ni mgeni, hana mahali huku, na Singida ni mbali kumsafirisha. Nikamwomba ukifa uzikwe kwenye miti yako. Akakubali. Akasema mtu aliyepanda miti si mgeni." Alilirudisha lile jiwe mahali pake. "Kuku nilikuwa nimeshamzika hapa. Nilitaka awahi kukushikia nafasi."

Matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye majani ya mchungwa. Nikayaegemeza magongo yangu kwenye mti, nikamwambia Tatu asogee, nikamshika bega, tukarudi nyumbani hivyo.